Seli Iliyoumuka

Mji ule ulikuwa saa nne asubuhi. Sisemi kwamba siku hiyo ilikuwa saa nne. Nasema mji wenyewe ulikuwa saa nne, kama mji mwingine ulivyo bondeni au mlimani. Jua lilikaa pale pale juu ya paa la Ukumbi, vivuli vililala upande mmoja, na katika kila shule kengele ya mapumziko ilikuwa karibu kugongwa, wala haikugongwa. Usiniulize watu walilalaje, wala watoto walizaliwaje. Nilikwisha kuuliza, wakanitazama kama mtu aliyeuliza jiwe lina watoto wangapi. Na kwa kuwa saa haikwenda, mtu naye hakuwa na umri mmoja wa kushikamana nao. Alikuwa na umri wa kazi aliyokuwa akiifanya. Mama akibembeleza mtoto alikuwa na miaka ishirini na mitano. Mama huyo huyo akifunga mlango alikuwa na sabini. Akichekeshwa alikuwa na saba. Hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Walikuwa na mambo yao mengine ya kushangaa.

Asubuhi hiyo, ambayo ndiyo asubuhi pekee iliyokuwapo, Ngwali Mpimaji alikuwa akishuka barabara ya Ukumbi akiwa na miaka sitini, kwa sababu kupima ni kazi ya mtu wa miaka sitini. Kwapani alibana rula ya chuma, mfukoni alikuwa na muhuri. Ukumbi ulihifadhi michoro ya vitu vyote vilivyokubaliwa kuwapo: mchoro wa nyumba, wa punda, wa ua, wa mkono wa mtu. Yeyote aliyetengeneza mfano wa kitu ilimlazimu mfano wake uwe sawa na mchoro, upana kwa upana, urefu kwa urefu. Ukiwa sawa, Mpimaji anagonga muhuri na mambo yamekwisha. Ukizidi au ukipungua, Mpimaji anauvunja kwa mkono wake mwenyewe, pasipo nyundo, na waliouunda wanapelekwa Ukutani kupanga mawe. Ukuta uliuzunguka mji wote, ulikuwa haujakamilika, wala haukuwa na haja ya kukamilika. Waliokwenda kule hawakupigwa wala hawakunyimwa chakula. Walipewa kazi moja tu, kwa hiyo walibaki na umri mmoja tu, na ukiwapita huwezi kujua ni yupi aliyekuwa mtoto.

Ngwali alikwisha kupeleka madarasa kumi na moja Ukutani. Nasema mapema kwamba hakuwa mtu mbaya, maana najua mtakimbilia kumchukia na kunimalizia hadithi yangu. Alikuwa mtu aliyeamini. Aliamini kwamba kitu ni mchoro wake, na kwamba kilichozidi mchoro si kitu, ni uchafu ulioshikamana na kitu. Mtu anayeamini hivyo anaweza kumvunja punda wa udongo mbele ya mtoto aliyemfinyanga, kisha akarudi nyumbani akala vizuri. Kulikuwa na swali moja tu lililomsumbua, nalo hakumwambia mtu. Mchoro wa kwanza, yule aliyeuchora alikuwa akiangalia nini?

Alipofika kwenye darasa la Mwalimu Siwatu alisimama mlangoni. Mpimaji hapigi hodi, na kwa kuwa hakupiga hodi, hakuna aliyegeuka. Watoto thelathini walikuwa wamezingira meza mbili, migongo nje, vichwa ndani, na sauti iliyotoka kati yao ilikuwa sauti ya watu wanaobishana bila kugombana, sauti ambayo Ngwali alikuwa hajaisikia katika darasa lolote. Katika madarasa mengine watoto hukaa kwenye mistari wakinakili mchoro wa Ukumbi, na kinachosikika ni penseli. Alinyoosha shingo. Ubaoni hapakuwa na mchoro wowote.

Meza ya kwanza ilikuwa na seli ya mmea. Ukuta wake ulikuwa boksi la viatu, utando wake kipande cha chandarua kilichotandikwa ndani ya boksi, na ndani ya chandarua uji mzito wa muhogo uliopoa ukagandamana. Ndani ya uji huo mlikuwa na mfuko wa nailoni uliojaa maji, mkubwa, umejitwalia nafasi kama mgeni wa harusini. Njegere zilitawanywa pembeni kuwa viwiti, yale mambo ya kijani yanayopikia mmea chakula kwa jua. Meza ya pili ilikuwa na seli ya mnyama, na hiyo haikuwa na boksi. Lilikuwa donge la unga wa ngano, limefunikwa kwa chandarua kitupu, limewekwa juu ya sinia, na katikati yake kokwa la parachichi likiwa ndilo kiini. Nakiri kwamba nimeona majumba na nimeona vyombo vya wafalme, na sijaona kitu kilichonifurahisha kama donge lile lililokuwa likingoja ufuta na maharage, lililoshikwa na mikono thelathini iliyonawa.

"Haya, Masudi," alisema Mwalimu Siwatu. "Umeleta nini?"

"Maharage, Mwalimu. Na ule unga nao nimeuleta mimi. Mama alikuwa amekwisha kuukanda wa maandazi, akanimegea."

"Unga tumekwisha kuusikiliza. Maharage kazi yake nini?"

"Hizi ndizo mitokondria. Zinachoma chakula ili seli ipate nguvu."

"Moshi unatokea wapi?" Aliyeuliza alikuwa msichana mwembamba aliyeegemea meza kwa viwiko. Jina lake Sikudhani, na darasa zima lilijua kwamba kitu chako kikimpita Sikudhani kimepita.

Masudi alifikiri. Hakuna aliyemharakisha. "Hazichomi kwa moto," alisema hatimaye. "Zinachoma polepole. Moshi wake ni ile hewa tunayoitoa puani."

Watoto wote waliweka viganja mbele ya pua, wakapumua, wakasikiliza vuguvugu la pumzi zao. "Tumekubali," walisema, na Masudi akayatia maharage yake, moja moja, akiyasukuma kwa kidole gumba.

Ndivyo alivyofundisha mwanamke yule. Kila mtoto alileta kitu kutoka kwao, na hakuna kitu kilichoingia ndani ya seli kabla aliyekileta hajasema kazi yake na wenzake hawajakubali. Aliyeshindwa hakuchekwa, alikwenda kukaa dirishani na kitu chake akikiangalia mpaka kikamwambia. Ngwali alimtazama Mwalimu Siwatu akizunguka meza. Alipoinama kumsikiliza mtoto alikuwa mdogo kuliko mtoto yule. Aliponyooka kusema jambo alikuwa bibi kizee aliyekwisha kuona mengi. Umri ulipita usoni mwake kwenda na kurudi, haraka haraka, na Ngwali, aliyekuwa na umri mmoja au miwili tu ya kubadilishia, alisikia wivu, na chini ya wivu huo akasikia jambo lililo karibu sana na heshima.

Wewe Ngwali, alijiambia moyoni, umekuja kupima. Pima uende. Seli zina ukubwa gani? Shibiri mbili kwa moja na nusu, unaona kwa macho, haina haja hata ya rula. Basi pima. Kwa nini hupimi? Nangoja waseme kazi ya ufuta. Kazi ya ufuta inakuhusu nini? Hainihusu. Basi pima. Ngoja kwanza.

"Karibu, Bwana Mpimaji," alisema Mwalimu Siwatu bila kugeuka. "Maji yapo kwenye beseni. Nawa mikono."

"Nimekuja kupima, si kula."

"Najua. Mikono yako imetoka kupima kwingine. Nawa."

Alinawa. Sijui kwa nini alinawa, na yeye hakujua. Maji yalikuwa ya baridi, sabuni ilikuwa kipande kilichobaki cha kufulia, na alipokuwa akiisugua kati ya viganja alikuwa na miaka tisa. Sikudhani aliyemletea taulo alianza kusema shikamoo, akamtazama vizuri, akaona hakuna anayestahili kuamkiwa, akampa taulo tu. Ngwali alijifuta, akaishika rula yake, na miaka sitini ikamrudia mabegani.

Alipima seli ya mmea. Ilikuwa sawa na mchoro, hata unywele haukuzidi, maana boksi ni boksi. Alipima seli ya mnyama, upana, urefu na kimo. Nayo ilikuwa sawa. Alisikia furaha ambayo haikuwa ya kazi yake, akaficha uso wake kwa kujifanya anasoma tena namba za rula. Sheria ilitaka muhuri mmoja kwa mifano yote miwili. Aliutoa muhuri mfukoni, akauweka mezani ili afungue kidau cha wino, na hapo ndipo alipokosea. Au hapo ndipo alipopatia, hilo nawaachia ninyi. Kwa sababu katika darasa lile, kitu kikiwekwa mezani, kimeletwa.

"Babu," alisema Sikudhani, "umeleta nini?"

Ngwali aliwatazama. Nyuso thelathini zilikuwa zikimngoja kwa adabu kabisa. "Muhuri," alisema.

"Kazi yake nini?"

"Kazi yake ni kusema kwamba kitu ni sawa na mchoro."

"Kabla hujaugonga, kitu kinakuwa si sawa?" aliuliza Masudi.

"Kinakuwa sawa. Nimekwisha kukipima."

"Na ukiugonga kinakuwa sawa zaidi?"

"Hapana. Sawa ni sawa."

Watoto waliuchukua muhuri, na nawaambia hawakuuchukua kwa dharau. Uliwapita wote mikononi, kila mmoja akaugeuza, akaunusa, akautia jicho. Walitaka kweli kuusaidia. Mmoja alisema labda ukae kwenye kiini. Walikumbushana kwamba kiini hakipitishi wala hakikatazi. Kiini kinatunza maagizo na kuyanakili kwa yeyote anayeyahitaji. Sikudhani alisema labda ukae kwenye utando, maana utando ndio unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Jambo hilo lilijadiliwa sana. Lakini utando, walisema, uko hai kila mahali, unachagua kwa mwili wake wote, hauna mtu mmoja wa kukaa mlangoni. Mwishowe darasa lilitikisa kichwa. "Hatujakubali, Babu," walisema, wakauweka muhuri dirishani pamoja na vitu vingine vilivyokuwa vikingoja kujulikana: kizibo cha chupa, unyoya, na ufunguo mmoja.

Ilimpasa akasirike. Alizitafuta hasira zake, hakuziona, na hilo lilimtisha kuliko hasira yenyewe.

Na Sikudhani alikuwa bado kwenye utando. Mtoto yule, wazo likimshika, halimwachii. "Mwalimu," alisema, "mji wetu ni seli?"

"Unauonaje?"

"Naona una ukuta. Kwa hiyo ni seli ya mmea."

"Tumekubali," walisema wachache.

"Msikubali kwanza. Ukiwa wa mmea, viwiti viko wapi? Hatulimi. Hatupandi kitu. Unga unaingia langoni umekwisha kusagwa, maharage yanaingia yamekwisha kupukuchuliwa. Seli ya mnyama haina ukuta, seli ya mmea ina viwiti. Sisi tuna ukuta na hatuna viwiti. Sasa sisi ni seli ya nini, na nani anatulisha?"

Kulikuwa na maswali katika mji ule ambayo hayakukatazwa, kwa sababu ilidhaniwa hakuna atakayeyafikia. Ngwali alijua jibu la Ukumbi, jibu lililopaswa kutolewa papo hapo kwa sauti kubwa: mji ni mji. Alimtazama Mwalimu Siwatu akimwomba kwa macho alitoe jibu hilo, amalize, ili yeye akauchukue muhuri wake dirishani, agonge, na watoto hawa wabaki na nyuso zao hizi.

Mwalimu Siwatu alilifikiria swali. Alilifikiria kwa heshima ile ile aliyoyafikiria nayo maharage. "Sijui bado," alisema.

Nataka mlisikie neno hilo kama walivyolisikia wao. Katika mji ule watu walijua, au walinyamaza. Hapakuwa na mahali pa tatu. Mtu anaposema sijui, amekiri upungufu, na huo ni msiba wake mwenyewe. Lakini anaposema sijui bado, amefungua chumba kipya katika nyumba, chumba ambacho hakuna aliyemo, na amesema kwamba ataingia humo. Kuna sasa ambapo hajui, na kuna pengine ambapo atakuwa amejua, na kati ya hapa na pale lazima kitu kipite. Wazee wa Ukumbi wanayo maelezo mengine, ya jua na ya mashine. Mimi nasema wakati uliingia mjini kwa neno bado, katika darasa la Mwalimu Siwatu, na kilichoushuhudia kwanza kilikuwa unga.

Maana unga ule ulikuwa umetiwa hamira. Mama yake Masudi aliitia kila alipokanda, kwa kuwa mama yake aliitia, na mama wa mama yake. Hakuna aliyejua inafanya nini. Maandazi ya mji ule yalikuwa bapa, magumu, yakiliwa kwa kuchovya, kwa sababu hamira inataka muda na muda haukuwapo. Kwa hiyo Masudi alipoulizwa kazi ya unga alieleza unga, hakutaja hamira, na Sikudhani mwenyewe hakujua kuna cha kuuliza. Ndilo kosa pekee walilolifanya. Kitu kimoja kiliingia ndani ya seli bila kusemewa kazi yake.

Ngwali alikwenda dirishani akauchukua muhuri. Alirudi mezani, akauchovya katika wino, akauinua. Mkono ulibaki hewani. Donge lilikuwa limejaa. Alifikiri macho yake yana kasoro, akaishika rula. Shibiri mbili na vidole viwili. Akapima tena ili ajikosoe, akapata vidole vitatu. Chandarua kilikuwa kimekaza, na katika kila tundu lake unga ulichungulia. Maharage yalisogea. Kokwa la parachichi lilihama katikati, likaelekea ubavuni, bila kumwuliza mtu.

Watoto waliona. Hawakupiga kelele. Masudi alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, sikufanya kitu," na Mwalimu Siwatu akamwekea mkono kichwani. Walijua sheria, kila mtoto aliijua, ilikuwa ya kwanza kufundishwa. Kilichozidi kivunjwe, na mikono iliyokiunda iende Ukutani. Mtoto mmoja alikuwa amekwisha kuanza kuifunga vizuri kamba ya kiatu chake, kama mtu anayetarajia kutembea.

"Mwalimu," alisema Ngwali. "Laiti ningaligonga mapema."

"Najua."

"Mfano ulikuwa sawa. Nimepima mwenyewe, ulikuwa sawa."

"Bwana Mpimaji," alisema Mwalimu Siwatu kwa upole, "fanya kazi yako. Sisi tutaangalia. Ndiyo kazi yetu."

Hakumwomba. Nimekutana na watu wengi waliosifiwa ushujaa, na wengi wao walikuwa na kelele. Mwanamke huyu alisimama na mkono wake kichwani pa mtoto, akataka kuona itakuwaje. Kama kuna kitu kinachoweza kuitwa enzi, nadhani ni hicho, wala hakifanani na michoro yake.

Ngwali alikunja mikono ya shati. Alifunua chandarua, akakunja ngumi, akalipiga donge katikati. Lilinywea likatoa pumzi, harufu kali tamu ikajaa chumba, harufu ambayo hakuna pua mjini iliyokuwa ikiijua. Lilirudi likawa dogo. Akainua rula. Lilikuwa dogo mno, akangoja. Na lilipokuwa likingojwa, liliumuka. Likafika kipimo, likakipita, likaendelea. Alipiga tena. Alilikunja, akalisukuma kwa visigino vya viganja, akaligeuza, akalisukuma tena ili atoe pumzi yote, jasho likimtoka. Likanywea. Likaumuka upesi kuliko mwanzo, laini zaidi, likimeta. Alipiga mara ya tatu.

"Babu," alisema Sikudhani, aliyekuwa amesogea kuona vizuri, "unakanda vizuri."

Ngwali aliitazama mikono yake. Ilikuwa ndani ya unga mpaka vifundoni.

"Sogea kidogo," alisema Mwalimu Siwatu, naye alikuwa na kijiti cha kiberiti. Alichovya kijiti katika unga, akakikoroga kwenye tone la maji juu ya kioo, akakipeleka kioo kile kwenye hadubini iliyokuwa kwenye kona ya darasa, kuukuu, kioo chake cha kunasia mwanga kimepasuka. "Kuna kitu humu hatukukisikiliza. Twende tukakisikilize."

Walipanga foleni. Hata katika saa ile, na Ukuta ukiwangoja, walipanga foleni bila kusukumana, mrefu akimpisha mfupi, na aliyefunga kamba ya kiatu alikuja naye. Sikudhani aliinama kwanza. Alikaa juu ya hadubini mpaka wenzake wakaanza kuguna.

"Viduara," alisema. "Vingi sana. Viko peke yake, kimoja kimoja. Kila kimoja kina ukuta." Akabadilisha jicho. "Mwalimu, havina kijani. Hata kidogo."

"Endelea."

"Vina vitoto. Kitoto kinatokea ubavuni mwa mama yake, ukuta unajipinda unakipisha." Aliinua kichwa, na uso wake, nitakufa nikiukumbuka, ulikuwa uso wa mtu aliyefunguliwa mlango na nyumba ikawa yake. "Vina ukuta, havina viwiti, vinakula vinacholetewa. Na ndivyo vimeinua unga wote. Ni sisi, Mwalimu. Sisi ni hivi."

"Tumekubali?" aliuliza Mwalimu Siwatu.

"Hatujaona bado," walisema watoto ishirini na tisa, na hapo nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Waliona mmoja mmoja. Kisha wakakubali.

Ngwali aliona wa mwisho. Mikono yake ilikuwa na unga, aliishika nyuma asichafue chombo, akainama. Mwanzoni aliona kope zake. Halafu viduara. Kimoja kati yao kilikuwa na kitoto ubavuni, kidogo sana, na alipokuwa akikitazama, akakiona kimekuwa kikubwa. Hapakuwa na mchoro wa kitu kile Ukumbini. Aliupitia Ukumbi wote kichwani, kuta nne, michoro yote, na hapakuwa nao. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kilichokuwapo bila mchoro. Kwa hiyo yule mchoraji wa kwanza aliinama hivi hivi mahali fulani, hajui, akiangalia. Machozi yalimtoka yakaingia kwenye tundu la hadubini, na ilibidi Masudi aipanguse.

Aliponyooka hakuwa na miaka tisa wala sitini. Alikuwa na hamsini na mitatu, yake mwenyewe, na magoti yalimuuma.

Wapimaji wana sheria yao inayokaa ukurasa wa mwisho, ambayo hakuna aliyewahi kuihitaji. Mpimaji hapimi kazi ya mkono wake. Akipima, kipimo ni batili, na ni lazima Ukumbi ulete mwingine. Ngwali aliisema kwa sauti, polepole, watoto waielewe.

"Mkono wako haukuunda, Bwana Mpimaji," alisema Mwalimu Siwatu. "Ulikuja kuvunja. Unaweza kusema hivyo, nasi hatutakupinga. Ukisema uliunda, na huyo mwingine akakuta umezidi, utakwenda Ukutani na sisi."

"Nilikanda mara tatu. Ya kwanza nilivunja. Ya pili sijui." Aliyatazama madonge madogo yaliyokauka kati ya vidole vyake. "Ya tatu nilikuwa nikikanda. Mtoto aliona."

"Basi andika."

Aliandika. Katika kitabu cha Ukumbi, mahali pa waliounda, kulikuwa na majina thelathini na la Mwalimu. Aliongeza lake chini, kalamu ikiteleza kwa unga, na mahali pa kipimo hakuweka kitu. Nje, kwa mara ya kwanza, kivuli cha mlingoti wa bendera kilikuwa kimetambaa kikagusa ngazi ya mlango. Hakuna aliyekitazama. Watoto walikuwa wamelirudia donge na kulifunika chandarua upya, wakibishana kama chandarua kile kitatosha au watafute kikubwa zaidi.

"Huyo mwingine atakuja?" aliuliza Masudi.

"Atakuja. Hawaachi." Ngwali alitafuta neno, na neno alilolipata hakuwahi kulitumia, alilitoa mdomoni kwa hadhari. "Kesho."

Walilirudia kati yao, wakilipima kwa ulimi. Kesho. Sikudhani ndiye aliyeuliza, na safari hii hakumwuliza Mwalimu. "Kesho atakuta nini, Babu?"

Ngwali alivuta stuli, akaisogeza mezani kati ya Sikudhani na Masudi, akakaa, akarudisha mikono kwenye unga.

"Atatukuta sisi," alisema. Aliogopa, tena aliogopa sana, na hakuinuka.